Amechoka, Hajakasirika: Mwongozo wa Kumfundisha Mtoto Mdogo Kutambua Hisia za Wengine

Msimu wa korosho unapofika, nyumba nyingi za Mtwara na Lindi hubadilika sauti. Mama na watoto wakubwa huondoka alfajiri kwenda kuokota, baba hushinda kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika akisubiri zamu yake ya kupimiwa, na jioni watu hukutana uani wakiwa wamenyamaza kuliko kawaida yao. Mtoto wa miaka minne aliyeachwa kwa bibi siku nzima anamkimbilia baba yake, baba anamwitikia kwa neno moja tu, na mtoto anarudi kwa bibi akilalamika: “Baba kanikasirikia.” Baba hakumkasirikia mtu. Alisimama juani tangu asubuhi, hajala, na hajui mnada wa wiki hiyo utatoa bei gani.

Mtoto yule hakukosea alichokiona. Uso ulikuwa umekunjamana kweli na jibu lilikuwa fupi kweli. Alikosea sababu, kwa kuwa mtoto wa umri huo hujiona yeye ndiye chanzo cha kila uso anaouona. Nimefundisha darasa la awali hapa Mtwara kwa miaka kadhaa, na ninaamini kwamba tunapowafundisha watoto hisia za wengine tunatumia muda mwingi mno kwenye sura, ilhali kazi kubwa ipo kwenye kutafuta sababu na kuuliza. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa imani hiyo. Zinamfaa mzazi, bibi, dada wa kazi au mwalimu mwenye watoto wa kati ya miaka miwili na saba, na hazihitaji kifaa cha kununua.

Kabla ya kuanza: mtoto yupo katika umri gani

Usimdai mtoto jambo ambalo umri wake haujalifikia. Katika jaribio lililochapishwa nchini Marekani mwaka 1985, watoto wa mwaka mmoja waliwekwa juu ya meza ya kioo iliyoonekana kana kwamba ina shimo katikati, na mama akasimama upande wa pili. Kati ya watoto 19 ambao mama zao walionyesha uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya 17 ambao mama zao walionyesha uso wa woga, hakuna hata mmoja aliyethubutu. Kwa hiyo mtoto asiyejua hata kusema “maji” tayari anasoma uso wa mama yake na kuamua la kufanya. Ninaongeza kwamba hapa kwetu mtoto huanza kusoma hata bila uso: anayebebwa mgongoni kwa khanga saa nyingi za siku hamwoni mama, lakini anahisi pumzi yake, mwendo wake na namna mgongo unavyokakamaa anapokutana na mtu asiyempenda njiani.

Baada ya hapo mambo huenda kwa ngazi. Karibu na mwaka mmoja na nusu mtoto huanza kuelewa kwamba mtu mwingine anaweza kupenda kitu ambacho yeye hakipendi. Akiwa na miaka miwili hadi mitatu hutaja furaha kwanza, kisha huzuni na hasira. Woga na mshangao hufuata, na kinyaa huchelewa sana, hata watoto wengi wa miaka mitano bado hukichanganya na hasira. Karibu na miaka minne huelewa kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Kuelewa kwamba mtu anaweza kutabasamu huku moyo unamuuma huja baadaye zaidi, na wapo watu wazima ambao bado hawajafika hapo.

Hatua ya kwanza: mpe maneno, na umpe vitenzi kabla ya majina

Anza na maneno manne: amefurahi, amehuzunika, amekasirika, ameogopa. Ongeza mara moja mengine matatu ambayo hayahesabiwi kuwa hisia lakini hufanana nazo usoni: amechoka, ana njaa, anaumwa. Haya matatu ndiyo yanayopoteza watoto wengi, kwa sababu uso wa mtu mwenye njaa na uso wa mtu mwenye hasira ni ndugu wa karibu.

Nasisitiza vitenzi kwa sababu mtoto wa miaka mitatu huelewa “amekasirika” mapema kuliko “hasira”, na pia kwa sababu Kiswahili kimetupa hapa msaada tusioutumia. Tunaposema “baba amekasirika”, tunasema jambo lililompata baba na ambalo litamtoka. Tunaposema “baba ni mkali”, tumempa baba tabia ya kudumu. Mtoto anayesikia siku zote kwamba shangazi ni mkali, babu ni mkorofi na jirani ana roho mbaya hana sababu ya kuwatazama tena watu hao leo ili ajue leo wana hali gani. Amekwisha kupewa jibu. Mrekebishe kwa upole kila anapotumia neno la tabia pale ambapo neno la hali lingetosha, na ujirekebishe mwenyewe kwanza.

Maneno manne ya mwanzo yakishakaa, ingia kwenye utajiri wenyewe. Mtoto wa miaka mitano anaweza kutenganisha aliyekasirika na aliyenuna, kwa kuwa aliyekasirika husema na aliyenuna hunyamaza. Anaweza kutenganisha aliyenuna na aliyesusa, kwa kuwa aliyesusa amekataa na chakula. Anaweza kuelewa kwamba anayeona haya hujificha nyuma ya mama ingawa hajakosa lolote, na kwamba mwenye wivu anatazama kilichopo mkononi mwa mwenzake. Kuwa mwangalifu na “anajisikia vibaya”, kwa sababu watu wengine huitumia kwa ugonjwa na wengine kwa huzuni, na mtoto hubaki hajui amletee mtu huyo dawa au amkalie karibu.

Kama nyumbani mnazungumza Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, tumia lugha hiyo kwa hatua hii bila wasiwasi wowote. Neno la hisia lililoingia kwa lugha ambayo bibi hubembelezea huingia ndani zaidi, na Kiswahili chake kitafuata shuleni. Nimewahi kuwapokea watoto waliokuwa wakinyamaza kila nilipouliza “anajisikiaje?”, nikadhani hawajui, hadi msaidizi wangu alipouliza swali lile lile kwa lugha ya nyumbani na darasa likajaa makelele ya majibu.

Hatua ya pili: taja hisia zako mwenyewe, pamoja na sababu yake

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu wazima, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mama aliyerudi kutoka ufukweni kukusanya pweza au kutunza mwani, nguo zikiwa zimelowa na mgongo unauma kwa kuinama tangu maji yalipokupwa, huingia ndani, hutupa kapu chini na kukaa kimya. Mtoto anasoma kapu lililotupwa. Sentensi moja ingetosha: “Nimechoka mwanangu, nimeinama tangu asubuhi, sijakukasirikia, niache nipumzike kidogo.” Sentensi hiyo ina hisia, ina sababu, inamwondolea mtoto lawama na inamwambia la kufanya.

Mtafiti Judy Dunn na wenzake walichapisha mwaka 1991 matokeo ya kusikiliza mazungumzo ya kawaida ya familia zenye watoto ambao hawajatimiza miaka mitatu. Watoto ambao nyumbani kwao hisia na sababu zake zilizungumzwa zaidi walielewa vizuri zaidi hisia za wengine walipopimwa miezi kadhaa baadaye. Mazungumzo yaliyosikilizwa yalikuwa ya jikoni na ya ugomvi wa ndugu, yaani yale yale ambayo kila nyumba inayo.

Si lazima umwambie mtoto kila kitu. Deni, ugonjwa mzito wa mtu wa nyumbani au ugomvi wa wakubwa vina mipaka yake, na unaweza kusema “nina mawazo ya mambo ya wakubwa, wewe hujakosa” bila kueleza zaidi. Usifanye kinyume chake, yaani kulia mbele ya mtoto kisha kumwambia macho yameingia moshi. Mtoto ameona sawasawa kwamba unalia, nawe umemfundisha kwamba macho yake hayaaminiki.

Kuna jambo jingine ambalo halipendwi kusemwa. Seth Pollak na wenzake nchini Marekani, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002, waliwaonyesha watoto picha za nyuso zilizojitokeza kidogo kidogo kutoka kwenye ukungu, wakagundua kwamba watoto waliokuwa wakipigwa nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, picha ikiwa bado haijakaa sawa. Mtu anaweza kudhani huo ni ustadi. Ukweli ni kwamba mtoto wa namna hiyo amejifunza kuiwahi hisia moja kuliko nyingine, ile inayomuumiza, na huiona hata pale isipokuwepo. Darasani ndiye anayempiga mwenzake aliyemsukuma kwa bahati mbaya, kwa kuwa kwake hakuna kusukumwa kwa bahati mbaya. Fimbo ikiwa ndiyo mwalimu wa hisia nyumbani, hatua nyingine zote za mwongozo huu zitafanya kazi nusu.

Hatua ya tatu: sauti na mwili kabla ya uso

Mchezo wa kwanza ninaoupendekeza ni wa “marahaba”. Mtoto wa huku hutoa shikamoo mara nyingi kwa siku, na kila mara hurudishiwa neno lile lile kwa sauti tofauti. Kaa naye jioni, mwambie akuamkie, kisha uitikie mara nne: kama mtu aliyefurahi kumwona, kama mtu aliyechoka, kama mtu mwenye haraka, na kama mtu mwenye huzuni. Mwulize kila mara mtu huyo ana hali gani. Kisha mbadilishane, awe yeye ndiye mkubwa wa kuitikia. Atacheka sana, na kwa kuigiza atajifunza kuliko kwa kukisia. Baada ya siku chache, mnapopita mtaani na mzee akaitikia kwa sauti nzito, mwulize mtoto kwa siri baada ya kupita: “Ile marahaba ilikuwa ya namna gani?”

Ziongeze na sauti zisizo maneno, maana zimejaa katika mazungumzo yetu na hakuna anayemfafanulia mtoto: kusonya, kuguna, kushusha pumzi, kucheka puani. Mtoto anayejua kwamba msonyo ni dalili ya kukereka ataacha kumwiga shangazi anayesonya mbele ya wageni, au angalau atajua kwa nini alifinywa.

Mchezo wa pili ni wa khanga. Mtu mzima anajifunika uso wote kwa khanga na kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka kama mtu mwenye furaha, kisha kama mwenye hasira, mwoga, mchovu, na aliyefiwa. Mtoto anakisia kwa kutazama mabega, mikono na hatua peke yake. Wazo hili nililipata kutoka kwenye ngoma ya mapiko ya Wamakonde. Kinyago cha mti hakibadiliki sura hata kidogo tangu mchongaji alipokiweka chini, lakini watazamaji wanajua kabisa lini lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, linachokoza, lini linatisha na lini linafanya kiburi, kwa sababu mchezaji anayasema yote kwa kiuno, mabega na miguu. Watoto wadogo hulikimbia lipiko wakipiga mayowe, jambo ambalo lenyewe ni somo zuri la woga ukiwa umemshika mkono. Lakini usimlazimishe kusogea karibu ili tu upate la kufundishia.

Angalia vilevile kwamba mwili una adabu zake. Mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa huku kwetu anaonyesha heshima, na mtu asiyejua desturi hii anaweza kumdhania ana hatia au ana huzuni. Mweleze mtoto tofauti kwa mfano: “Asha anapomsalimia bibi huinama kwa sababu anamheshimu, alipovunja mtungi aliinama kwa sababu aliogopa. Macho ni yale yale, sababu ni mbili.”

Hatua ya nne: uso, kwa tahadhari

Mwaka 1971 Paul Ekman na Wallace Friesen walichapisha utafiti wao wa Papua New Guinea, ambako waliwasimulia watu wa kabila la Fore visa vifupi na kuwataka wachague picha ya uso inayolingana na kila kisa. Furaha, huzuni, hasira na kinyaa zilitambuliwa vizuri, ingawa woga na mshangao vilichanganywa. Kutokana na kazi hiyo imeenea dhana ya hisia sita za msingi zinazofanana duniani kote, na mabango mengi ya nyuso tunayoyaona madarasani yametokana nayo. Mwaka 2014 Maria Gendron na wenzake walichapisha utafiti mwingine kutoka Namibia, ambako Wahimba walipewa picha wazipange makundi wenyewe bila kusaidiwa na kisa. Hawakuzipanga kama Wamarekani walivyozipanga, na mara nyingi walitaja kitendo badala ya hisia: huyu anacheka, huyu anatazama kitu.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka bango langu mwenyewe. Nililibandika ukutani kwa fahari, nyuso sita za rangi, nikawauliza watoto kuhusu uso wa mshangao wenye mdomo wazi. Mmoja alisema anaimba, mwingine alisema anapiga miayo, na wa tatu alisema anamwita mama yake yupo mbali. Wakati ule niliandika kwenye daftari kwamba hawajui. Leo ningeandika kwamba walikuwa na akili, kwa sababu uso usio na mtu, mahali wala tukio unaweza kuwa chochote kati ya hivyo vitatu.

Kwa hiyo usianze na bango. Tumia kioo kidogo cha nyumbani, mtoto na mzazi wajitazame pamoja, kila mmoja akikumbuka tukio kabla ya kutengeneza sura: “Kumbuka siku ulipokanyaga mwiba.” “Kumbuka kuku alivyokukimbiza.” Chora nyuso mchangani kwa kijiti au sakafuni kwa mkaa, na kila uso uambatane na sentensi moja ya kisa. Picha za familia kwenye simu zinafaa kuliko katuni, kwa kuwa mtoto anawajua watu wale na anajua siku ile palitokea nini. Kwa kinyaa, kisa bora kabisa katika mkoa huu ni bibo lililooza likishikwa kwa bahati mbaya. Hakuna mtoto wa shambani asiyeijua sura hiyo.

Hatua ya tano: tafuta sababu

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Fundisha mtoto maswali mawili yafuatane kila mara: “Ana hali gani?” na “Kimetokea nini?” La pili lisiachwe hata siku moja.

Hadithi za jioni ndizo uwanja wake. Baada ya “Paukwa! Pakawa!” simulia kisa cha sungura na fisi unachokijua, lakini simama katikati. Fisi amerudi amekuta nyama imeliwa: ana hali gani, na anadhani nani kaila? Sungura anacheka kichakani: kwa nini yeye anacheka wakati mwenzake analia? Watoto wa miaka mitatu watasema fisi anajua kwamba sungura kaila, kwa kuwa wao wanajua. Usiwakemee. Wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walionyesha mwaka 1983 kwamba hili ni jambo la umri, nao walitumia kisa cha mvulana aliyeweka chokoleti kabatini ikahamishwa akiwa nje.

Unaweza kulijaribu nyumbani kwa embe. Kaka anaweka embe ndani ya kapu na kutoka kwenda kuchota maji. Dada analihamishia chini ya kitanda, mtoto mdogo akiwa anaona. Mwulize: “Kaka akirudi ataenda kulitafuta wapi?” Akisema chini ya kitanda, bado hajafika, cheza naye tena baada ya miezi miwili mitatu. Akisema kwenye kapu, endelea: “Akikuta kapu tupu atakuwa na hali gani? Akilikuta baadaye chini ya kitanda je? Akijua dada ndiye aliyelihamisha je?” Maswali haya matatu yana mshangao, furaha na hasira ndani ya embe moja, na kila hisia imekuja na sababu yake.

Kisha hamia kwenye watu halisi, ukichagua matukio mepesi kwanza. Dereva wa bodaboda anayepita anaimba. Muuza samaki wa Mikindani ambaye samaki zake zimekwisha mapema. Mtoto jirani aliyekatazwa kwenda kucheza kombolela. Mwache mtoto atoe sababu zaidi ya moja, na umsifu anaposema “labda”. Neno hilo “labda” likitoka mdomoni mwa mtoto wa miaka mitano ni ushahidi bora kuliko kutaja hisia kumi kwa usahihi.

Hatua ya sita: kuuliza, kisha kutenda

Kukisia bila kuuliza humfanya mtoto awe mbea. Mfundishe namna ya kuhakikisha kwa adabu inayomfaa kila mtu. Kwa mwenzake: “Naona umenyamaza, umechoka au umekasirika?” Kwa mkubwa: “Shikamoo bibi. Bibi, unaumwa?” Mkubwa naye ana wajibu wa kujibu kweli. Bibi anayejibu “sina kitu” huku anafuta machozi kwa ncha ya khanga amelifunga somo lenyewe.

Baada ya kuuliza kuna kutenda, na hapa watoto wana kosa lao maarufu: humpa mwenye huzuni kile ambacho wao wenyewe wangekipenda. Betty Repacholi na Alison Gopnik walionyesha mwaka 1997 kwamba watoto wa miezi 14 walimpa mtu mzima biskuti walizozipenda wao hata baada ya kumwona akizikataa kwa kinyaa na kufurahia mboga, ilhali wenye miezi 18 walimpa mboga. Hata hivyo kosa hilo halitoki mara moja, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayemletea shangazi anayelia mpira wake uliochakaa apokelewe kwa shukrani. Mwenye miaka mitano aulizwe: “Unadhani shangazi angependa nini?” Majibu yawe machache na ya kutendeka: kumletea maji, kukaa kimya karibu naye, kumwacha peke yake, au kumwita mtu mzima. Kumwacha mtu peke yake kunahitaji kufundishwa kwa makusudi, kwa sababu mtoto hudhani kwamba kila anayenuna anangoja kuchekeshwa.

Watoto wawili wanapogombana, usikimbilie kuwaamuru waombane msamaha. “Samahani” iliyotolewa kwa kushikwa sikio haina mtu ndani yake. Waketishe, umwambie aliyeumiza: “Mtazame mwenzako. Ana hali gani? Kimetokea nini?” Kisha mpe aliyeumizwa nafasi ya kusema. Mara nyingi msamaha hutoka wenyewe, na usipotoka siku hiyo, si hasara kubwa.

Msibani

Hapa huku mtoto hukutana na kilio cha watu wengi kabla hajaenda shule, kwa kuwa msiba ni wa mtaa mzima. Mwandae kabla ya kufika: watu watakuwa wameketi chini, wanawake wamejitanda khanga, wengine watalia kwa sauti na wengine watakuwa wanapika na hata kucheka. Kicheko hicho kisipofafanuliwa humchanganya mtoto kuliko kilio. Mweleze kwamba watu wana huzuni moja lakini huibeba kwa namna nyingi, na kwamba anayepika naye anampenda aliyefariki. Baada ya kurudi mwulize nani alimwona na alidhani ana hali gani. Usimlazimishe kulia, wala usimwambie kwamba hana huruma kwa sababu aliendelea kucheza na wenzake chini ya mwembe.

Mtoto anapochelewa

Watoto hutofautiana, na miezi kadhaa ya tofauti kati ya ndugu wawili haina maana kubwa. Zipo hata hivyo dalili zisizofaa kusubiriwa: mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka anapoitwa jina lake, mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyeonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione, mtoto asiyetazama watu hata wanapomchezesha, au aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza. Huenda hasikii vizuri, huenda haoni vizuri, au huenda ana usonji, yaani hali ya ukuaji inayobadilisha namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, na kila moja kati ya hayo lina msaada wake. Mtoto mwenye usonji anaweza kuwa na huruma nyingi sana na bado asisome sura wala sauti. Huyo hufaidika pale watu wa nyumbani wanapotamka hisia zao waziwazi, kwa sentensi fupi, bila mafumbo.

Anza kwenye kliniki ya mtoto unakompeleka kupimwa uzito, ueleze ulichokiona, na uombe kuelekezwa hospitali ya mkoa, yaani Ligula kwa walioko Mtwara na Sokoine kwa walioko Lindi. Nenda na mifano mitatu au minne iliyoandikwa kwenye karatasi pamoja na tarehe zake: palitokea nini, nani alikuwepo, na mtoto alifanya nini. Maelezo ya “hanisikilizi” hayamsaidii sana mhudumu. Maelezo ya “Jumanne dada yake alianguka akalia mbele yake, naye aliendelea kupanga vifuniko bila kugeuka, na Alhamisi ikawa hivyo hivyo” yanampa mahali pa kuanzia.